Zamu ya Kushika Kandili

Siku ya khitma ya Baba umeme ulikatika. Nyumba nzima tulibaki gizani, wanawake kwa watoto, na wanaume waliokuwa nje nao wakanyamaza. Mtu mmoja akakumbuka kwamba juu ya kabati la jikoni kulikuwa na kandili kuukuu. Ikateremshwa, ikapanguswa vumbi, ikatiwa mafuta. Mimi nilikuwa nimekaa chumba cha pili na sikuiona ilipowashwa. Niliinusa. Kwanza mafuta ya taa, halafu ule utambi unaoungua upande mmoja kwa sababu haukukatwa sawa, na moshi wake wa kukereketa puani. Wengine harufu kama hii huwarudishia bibi zao, au Unguja, au futari za Ramadhani. Mimi ilinirudishia wivu. Baba yangu alikuwa kazikwa juzi tu, macho yangu yamevimba kwa kilio, na kitu cha kwanza kilichonipanda kifuani kilikuwa wivu wa mtoto mdogo, mzima kama nilivyouacha.

Mwanzo huu nimeuandika na kuuchana zaidi ya ninavyoweza kusema bila kuona haya. Ndivyo nilivyo. Hakuna aliyenifundisha kuandika. Nilijifunza mwenyewe kwa kunakili maneno yaliyochapwa kwenye maboksi ya dawa ya Baba, na mtu aliyejifunza kwa maboksi ya dawa huogopa kila neno asije akamdhuru mtu kwa kulikosea. Lakini safari hii sichani. Nawaandikia watu wa rika langu, hasa nyinyi mliofika Maskati baadaye, mkakuta taa za barabarani zinawaka na malango yako wazi. Mkisikia tukisema zamani hapa mtu hatembei bila ya kandili, mnadhani tunatia chumvi.

Hatutii. Sisi tulifika mapema. Ule utawala wa Unguja ulipoanguka mimi nilikuwa mtoto ambaye bado anafungiwa vifungo vya gauni, na ninalolikumbuka ni mlango uliobaki wazi nyuma yetu na Mama akikataa kugeuka. Watu wetu wengi walipojaribu kuingia Omani walirudishwa, wakaishia Dubai, Kuweti, Misri, popote palipowapokea. Baba alipokelewa kwa sababu alikuwa dresa, mtu wa kusafisha vidonda, kufunga bendeji na kupiga sindano, na jeshi la hapa lilikuwa na haja ya madresa. Tukapewa vyumba viwili ndani ya ukuta wa mji, si mbali na lango kubwa.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Usiku ukishaingia, baada ya isha, ngoma ilipigwa juu ya ngome. Ngoma ikinyamaza, malango yanafungwa, na kila anayetembea ndani ya mji sharti awe na kandili inayowaka. Kurunzi haikuhesabiwa kuwa taa. Lazima iwe kandili, na iinuliwe karibu na uso ili askari aone anazungumza na nani. Asiyekuwa nayo alilala korokoroni.

Baba alikuwa na kaka yake, Ami Nasoro, aliyekaa upande wa pili wa mji, karibu na bandari. Kila alipokuwa nyumbani, Baba akishasali isha alikwenda kwake kunywa kahawa na kuzungumza, na mimi nilikwenda naye. Kazi yangu ilikuwa kandili. Wakati wa kwenda tuliibeba haijawashwa, kwa sababu ngoma ilikuwa bado. Wakati wa kurudi ndio ulikuwa wangu. Nilitangulia hatua chache mbele, kandili mkononi, na kivuli cha Baba kikitufuata ukutani, kikubwa kuliko nyumba. Askari akituuliza ni nani, Baba husimama na kusema, kwa sauti ya chini, "Inua, mama." Hivyo ndivyo alivyokuwa akiniita, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. Nami huinua kwa mikono miwili mpaka mabega yanauma, na uso wa Baba unatokea gizani: ndevu, miwani, lile kovu dogo la nyusi. Kila usiku niliona kama mimi ndiye niliyemtengeneza.

Kandili ile niliitunza kuliko nilivyojitunza. Alasiri nilisugua chimni, kile kioo chake, kwa majivu na kitambaa, kisha kwa karatasi, kisha nikaitazama kwenye jua. Ikibaki hata alama ya kidole naanza upya. Utambi niliukata kwa mkasi wa bendeji wa Baba, sawasawa, nikapunguza ncha mbili za pembeni ili ulimi wa moto usitoe pembe. Mama alisema nikiendelea hivyo nitaolewa na fundi taa. Ami Nasoro naye alikuwa na utani wake, aliurudia kila alipoona tunaingia.

"Unguja ukitaka taa ulibonyeza ukuta," alisema. "Hapa mpaka uzae kwanza."

Watu wote hucheka, na mimi nilijivuna kana kwamba nimesifiwa. Nadhani nilikuwa nimesifiwa.

Jeshi lilimpeleka Baba kusini, kule ambako watu wa jabalini walikuwa wamekataa kutawaliwa. Alikaa miezi, akaja likizo, akarudi tena. Vita vile kwetu havikutajwa kwa jina. Watu walisema "kusini" wakashusha sauti. Lakini kwa Ami Nasoro, mlango ukishafungwa, Baba aliulizwa, na kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi, alijibu kwa vyombo. Ukingo wa jamvi ulikuwa bahari. Sinia ya halua ilikuwa jabali. Vikombe vya kahawa aliviweka huku na huku kuonyesha palipokuwa na askari wa serikali: kimoja juu kabisa ya njia, kimoja penye kisima, vingine chini ya mlima.

"Basi tuile hiyo halua," alisema Ami Nasoro, "tumalize vita."

Likizo iliyofuata, Baba alipanga tena, na vikombe vilikuwa vimesogea. Cha juu ya njia hakikuwepo. Ami Nasoro akanyoosha kidole pale kilipokuwa, akauliza, "Na huku?"

"Huku hatwendi tena ila kwa ndege."

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya bega la Baba na kandili yangu mapajani. Nilidhani ni mchezo, kama bao, na kwamba kuna mtu anamshinda Baba yangu. Kila alipokuja nilitazama jamvi kwanza. Vikombe vilikuwa vikirudi nyuma kuelekea baharini, kidogo kidogo, na hakuna aliyeonekana kuvisukuma. Siku hizi nikisoma namna tawala zinavyoisha, vitabu husema mambo ya mikataba na majeshi. Mimi huona jamvi, na mkono wa Baba ukiondoa kikombe na kukirudisha kwenye sinia bila ya kusema kitu. Utawala wa Unguja alikuwa ameuona ukimalizika asubuhi moja. Huu aliupima kwa vikombe.

Halafu akaja na Tufuli.

Nilikuwa barazani nikimsubiri, kandili inang'aa pembeni yangu ingawa jua bado lilikuwa kali, na nikamwona anatokea kichochoroni amemshika mkono msichana. Alikuwa na umri kama wangu, pengine mdogo kidogo, amesukwa nywele nyembambanyembamba, nguo yake nyeusi inaburura nyuma, mguu mmoja umefungwa bendeji kutoka ugokoni mpaka juu ya goti. Alinuka moshi na samli. Kiswahili hakujua, na Kiarabu chake hakikufanana na cha mtu yeyote. Baba alizungumza naye kwa lugha nyingine kabisa, ya jabalini, maneno machache aliyoyaokota kule, na aliyasema kwa upole ambao nilidhani ni wangu peke yangu.

Mama alimwogesha, akamvisha gauni langu la idi. Hakunitaka ruhusa.

"Huyu nani?" nilimuuliza.

"Mgeni."

"Atakaa mpaka lini?"

"Muulize babako."

Mama alilisema kwa mkato kwa sababu alikuwa akikuna nazi na mikono imejaa, hilo nalijua leo. Siku ile mimi nilisikia jambo jingine. Nilijua wanaume huoa huko waendako. Nilijua mabinti ambao siku moja waliletewa ndugu wa mama mwingine. Usiku, Tufuli akiwa amelala, nilimkagua kama ninavyokagua chimni. Masikio hayakufanana na ya Baba. Pua haikufanana. Lakini kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilipinda kwa ndani, na cha Baba kilipinda vivyo hivyo. Kwangu ulikuwa ushahidi uliokamilika. Sikumwambia mtu. Nililala nimegeukia ukuta, nikijiambia kwamba vikombe vyote kule kusini vimepotea kwa sababu Baba alikuwa akishughulika na mtoto wake mwingine.

Tufuli hakupenda kukaa nasi jioni. Mama akishawasha kandili na kuitundika mlangoni kwa ua, yeye huondoka na kwenda kujibanza nyuma ya pipa la maji, mgongo kwetu. Nikaona ni maringo. Siku moja magharibi, Mama alikuwa ndio kwanza ameitundika na nilikuwa nimeisugua mchana kutwa kwa ajili ya kwenda kwa Ami Nasoro. Tufuli akatoka alikokuwa, akichechemea, akachota maji kwa kata akaimwagia. Ikazima kwa mlio, na chimni ikapasuka vipande.

Nilimrukia. Mama alitutenganisha kwa kutuvuta wote wawili nywele, na mimi nilipiga kelele kwamba anajua, anajua ninachokipenda na ndicho alichokivunja. Baba alitoka chumbani. Nilimsubiri ampige. Badala yake alikaa chini kwenye sakafu ya ua, karibu na vile vioo, akamtazama Tufuli kwa muda mrefu kama alivyozoea kutazama kidonda kabla ya kukigusa.

Usiku ule hatukwenda popote. Kesho yake akanunua chimni mpya. Akaisafisha mwenyewe, vibaya, akaacha alama za vidole, akaniita.

"Mama, kwa sasa taa atashika Tufuli."

Nilimuuliza mpaka lini.

"Mpaka nikwambie."

Sijui kama naweza kuwaeleza nyinyi ambao hamkuwa na kitu kimoja tu. Hapakuwa na skuli ya wasichana. Hapakuwa na michezo ya nje. Mama alikuwa ameshaanza kusema kwamba mwakani nitakuwa mkubwa, sitatembea tena usiku mbele ya wanaume, nitakaa ndani kama wenzangu. Kwa hiyo zile safari za kurudi kutoka kwa Ami Nasoro zilikuwa na mwisho, nami nilikuwa nikizila taratibu kama mtu anayebakiza nyama pembeni ya sahani. Sasa kaja mwingine kanyanyua sahani.

Nilitembea nyuma. Hiyo ndiyo nafasi niliyopewa, nyuma ya Baba, ambako mwanga haufiki. Mbele yao niliona jinsi Tufuli alivyoishika kandili vibaya: mbali na mwili, chini karibu na magoti, mkono unatetemeka mpaka vivuli vya nyumba vinacheza. Macho ameyafumba nusu. Baba ameweka kiganja begani kwake na njia nzima anamnong'oneza kwa ile lugha yao, maneno yale yale, tena na tena. Nilidhani ni majina ya mapenzi. Askari aliposimama mbele yetu na kuuliza, nilingoja kusikia "inua." Mimi niliambiwa inua kila usiku, hata mabega yakiuma, hata nikisinzia. Baba hakusema. Aliinama. Alipiga magoti kwenye vumbi, mtu mzima na kanzu yake nyeupe, akaupeleka uso wake chini kwenye kandili aliyoishika yule mtoto, ili askari auone.

Askari alicheka, akasema dresa kageuka kondoo. Baba akacheka naye. Mimi nyuma gizani nililia kimyakimya kwa hasira, na nakumbuka nilichokiwaza, neno kwa neno: mimi hajawahi kuniinamia.

Kwa Ami Nasoro utani wa kubonyeza ukuta sasa alitaniwa Tufuli, ingawa hakuuelewa. Aliponiona nimevimba uso, Ami aliniita karibu, akanipa kipande cha halua kilichokuwa kileleni mwa jabali.

"We vipi? Kama mke mwenza," alisema.

Watu walicheka. Sikucheka, kwa kuwa alikuwa amesema kweli.

Baba akarudi kusini, na kwa kipindi kirefu hapakuwa na wa kumwangazia njia. Tufuli na mimi tulibaki na Mama. Alijifunza Kiswahili kwa Mama, kwa hiyo alikisema kama mwanamke mzima wa Ng'ambo ya Unguja, na mimi niliona hata hilo ni wizi. Mguu ulipona ukaacha kovu refu linalong'aa. Mchana alinifuata kila mahali. Nikisugua chimni hukaa mbele yangu akatazama, bila ya kugusa. Siku moja aliniuliza kwa nini nakata zile ncha za utambi. Nikamwambia ni siri ya kazi. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima kabisa, na heshima ile iliniudhi kuliko vile vioo. Nilitaka arudi kwao. Nilimwomba Mungu kwa adabu zote ninazozijua: watu wake wamkumbuke, waje wamchukue, wasimpige, wampende, lakini wamchukue.

Baba alipokuja tena ilikuwa kiangazi, joto la kulala juu ya mapaa. Alikuwa kakonda. Kwa Ami Nasoro hakungoja kuulizwa. Alikaa, akavuta jamvi, akaweka kikombe kimoja ukingoni kabisa, kwenye bahari, kisha akavua kofia yake akakizungushia kama ua.

"Seng'enge," alisema. "Mji na uwanja wa ndege. Nje ya hapo si petu."

Ami Nasoro alikitazama kikombe. "Na yeye mwenyewe?"

Alimaanisha mtawala, ambaye kwa miaka alikuwa akikaa kule kule kusini, hata sisi wa Maskati hatukuwahi kumwona.

"Yumo humo ndani."

Hakuna aliyetania. Ami Nasoro akaufunika mdomo wa kikombe kile kwa kiganja, sijui kwa nini, na akakaa hivyo. Kisha ngoma ikapigwa ngomeni kama kawaida, kana kwamba wapiga ngoma hawajaambiwa.

Tulirudi nyumbani kwa utaratibu ule ule, Tufuli mbele, Baba kati, mimi nyuma. Karibu na lango kubwa askari akatusimamisha. Baba akaanza kukunja magoti. Tufuli akamzuia kwa mkono. Akageuka, akaishika kandili kwa mikono miwili kama nilivyokuwa nikiishika mimi, akainyanyua juu, juu zaidi ya kichwa chake, mpaka uso wa Baba ukatokea wote. Mkono haukutetemeka. Macho yake yalikuwa wazi kabisa, na mwanga ulikuwa umejaa ndani yake.

Askari akatupa ruhusa. Baba hakuondoka. Machozi yalikuwa yakimtoka chini ya miwani, na niliyaona kwa taa ya mtu mwingine.

Tulipofika nyumbani alinikalisha kwenye ngazi ya ua, akanieleza. Walikotoka akina Tufuli, alisema, watu waliishi mapangoni na ng'ombe wao. Ndege za serikali zilipoanza kuja, zilifuata moto. Palipoonekana mwanga, palipigwa. Wakawa hawawashi chochote jua likishazama, wanakula vya baridi, wananyonyesha gizani. Jioni moja mama yake aliwasha moto kidogo, mtoto mchanga alikuwa na homa na alitaka kumchemshia maziwa. Ndege ikauona. Tufuli alikuwa nje na ng'ombe, ndiyo maana ni yeye peke yake aliyepona akaletwa kwenye seng'enge, na kidole kilichovunjika kikaungwa vibaya, na mguu vile. Hakuna aliyekuja kumuulizia, basi akaja naye kwetu.

"Yale unayomwambia njiani?" niliuliza.

"Namwambia juu hapana mtu."

Nikatazama juu.

"Ile taa ilikuwa dawa, mama. Dawa humpi mzima. Wewe ulikuwa mzima." Akanishika kidevu. "Leo kapona. Kesho taa ni yako."

Ningependa kuandika kwamba niliposikia habari za yule mama na maziwa yake, wivu uliniisha. Nilihuzunika, kweli nilihuzunika, na mtoto pia huweza kuhuzunika. Wala hata leo sijui Baba alikuwa akijisikiaje kufunga vidonda vilivyofanywa na wale wale waliomlipa mshahara. Hakulisema. Lakini nilipolala, neno lililonizunguka kichwani lilikuwa moja tu: kesho.

Kesho yake niliisugua ile chimni mpaka ikawa haionekani. Nilikata utambi nikaukata tena. Alasiri ikaanza minong'ono mtaani, kisha makelele. Watu walikuwa na redio milangoni. Mtawala wa zamani ameondoka, ilisemwa, kule kule ndani ya seng'enge, na mwanawe ameshika. Wanawake walipiga vigelegele juu ya mapaa. Mama alicheka akalia, akasema, huu wa pili nnauona, Mungu anijaalie nisione wa tatu. Watu ambao walikuwa hawajathubutu kuvuta sigara hadharani walizivuta katikati ya njia.

Magharibi nikaiwasha kandili. Isha ikapita. Nilisimama mlangoni nimeishika kwa mikono miwili, nikisubiri ngoma, na ngoma haikupigwa, au ilipigwa na haikusikika kwa kelele. Malango yalikuwa wazi. Watu walipita mbele yangu kwa makundi, wengine na kurunzi wakimulikana usoni kwa mzaha, wengi mikono mitupu, wakitembea gizani kwa makusudi, kwa raha ya kutembea gizani. Baba akatoka amevaa kanzu safi. Aliniona, na nadhani alikuwa amesahau.

"Iwache tu, mama," alisema. "Haina haja tena."

Akaingia katika lile kundi, mikono ikining'inia, mwepesi, na baada ya hatua chache sikumwona. Mji wote ulikuwa ukifurahi. Nilikuwa mtu pekee katika Maskati aliyeomba utawala ule udumu usiku mmoja zaidi.

Mwaka uliofuata nilikaa ndani kama Mama alivyosema, ingawa haikuwa kama alivyodhani, kwa sababu skuli zilifunguliwa na Tufuli na mimi tulikwenda pamoja. Umeme ukaja. Baba alizeeka kwenye mwanga wa balbu, ambao humwangazia kila mtu sawa na haushikwi na mtu. Uso wake sikuuinulia taa tena. Wa mwisho kuuinulia alikuwa Tufuli. Hilo nimelibeba miaka yote hii, nikiwa msichana, nikiwa mke wa mtu, na sijawahi kulitamka.

Tufuli siku hizi anakaa Salala, kule kusini kwao. Alikuja kwa ndege siku aliyofariki Baba, akalia kama mtoto wa tumbo moja nami, na watu waliokuja kutupa pole walitupa sote wawili kwa mkono mmoja. Siku ya khitma, taa zilipozimika na ile kandili kuukuu ikaletwa, aliyeibeba aliiweka chini baina yetu, akenda zake. Utambi ulikuwa umekatwa ovyo, ulimi wa moto una pembe. Niliona Tufuli anautazama.

"Ncha hazikukatwa," alisema.

"Nimeona."

"Siri ya kazi."

Nilishindwa kujizuia, nikacheka, matangani. Alikumbuka. Kisha nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nilikuwa nikimwonea wivu. Alisema alijua. Akaniuliza kama bado. Nikamwambia bado, hata dakika hii.

Chumba cha ndani, alikokaa Mama na eda yake, kulikuwa giza tupu. Tulimsikia akiita, hajui nani yupo na nani kaondoka. Nilimwachia Tufuli nafasi ya kuichukua kandili, kwa mazoea. Yeye akaisukuma kwangu kwa ncha ya kidole, kile kilichopinda.

"Chukua. Alikwambia kesho," alisema. "Nilikuwa macho siku ile, nilisikia."

Nikaichukua. Mshikio wa chuma wa kandili ulikuwa na moto. Nilitangulia, yeye akawa pembeni yangu, si nyuma, tukasimama kwenye kizingiti. Mama aliuliza gizani ni nani hao. Hapakuwa tena na uso niliouwekea zamu ile, na kwa kitambo nilibaki nimeishika chini, karibu na magoti, kama mtu asiyejua inavyoshikwa.

"Inua, mama," Mama alisema. "Inua nikuoneni nyote wawili."

Nikainua.